Msimu wa Kuteleza

Jumatatu, 2 Machi

Muhula umefunguliwa pamoja na mvua. Paa la darasa langu linavuja palepale linapovuja kila mwaka, na mkuu wa chuo ametuambia, kama kila mwaka, tuwasogeze wanafunzi. Mada yangu ni familia na matatizo ya jamii. Nimeifundisha mara nyingi hata naweza kuifundisha huku nawaza mboga.

Niliporudi nyumbani nilimkuta wifi yangu barazani, na mtoto wake, na begi. Mkono wa kushoto ameukumbatia kama kichanga.

"Umefanya nini?"

"Nimeteleza, wifi. Ngazi za uani."

"Na begi?"

"Paa linavuja. Mdogo wako amesema tukae kwako mpaka alizibe."

Mdogo wangu ni fundi wa majokofu. Mtaa mzima unamwita Baridi, kwa kazi yake na kwa tabia yake, maana hajawahi kumpandishia mtu sauti. Nilimbeba mgongoni mimi mwenyewe alipokuwa mdogo. Nimejiuliza fundi wa namna ile anashindwaje na bati moja, kisha nikaenda kuinjika chai.

Niseme ukweli, kwa kuwa hapa hakuna anayenisoma: huyu wifi sijawahi kumpenda sana. Anauza dawa kwenye duka la dawa, na anazungumza na watu kama anavyowaeleza wagonjwa: kimoja asubuhi, kimoja jioni, baada ya chakula. Naona anajisikia.

Alhamisi, 5 Machi

Mvua. Mume wangu ni mpimaji ardhi, na ardhi ikiwa tope haipimiki. Anazunguka nyumbani kama kuku anayetafuta pa kutagia.

Jumatatu, 9 Machi

Leo nimefundisha mtazamo wa kwanza: kwamba familia ni kama kiungo cha mwili. Inazaa, inalea, inafunza adabu, inaikabidhi jamii mtu aliyekamilika. Nikasema, kwa sauti yangu ya kila mwaka, kwamba familia ni kiwanda cha kutengeneza watu.

Nyuma kabisa hukaa mwanamke wa makamo aliyerudi kusoma baada ya kulea. Wenzake wanamwita Mama Swali. Akanyoosha mkono.

"Mwalimu, kama ni kiwanda, bidhaa ikitoka na hitilafu inarudishwa wapi?"

Darasa likacheka. Nami nikacheka. Nikasema tutafika huko.

Jumamosi, 14 Machi

Baridi amekuja kutusalimia. Kaleta mkate, kaleta maziwa, na bila kuombwa akainamia jokofu letu ambalo limekuwa likinguruma kama mzee mwenye pumu. Likanyamaza. Mume wangu akapiga makofi. "Shemeji, ungekuwa daktari hakuna ambaye angekufa."

Tulicheka sote, isipokuwa wifi. Alikaa kwenye ukingo wa kiti, amenyooka kama mtu anayesubiri kuitwa kwa daktari wa meno. Na mtoto hakuonekana kabisa. Binti yao ana miaka mitano, na tunamwita Kengele kwa sababu toka alipojifunza kusema hajawahi kunyamaza. Nilimkuta nyuma ya kabati langu la nguo, kimya, amevaa viatu.

"Unafanya nini huku, mama?"

"Shangazi, huu mlango wako unafungwa kwa ndani?"

Nikamwambia ndiyo. Akauliza kama ufunguo anaweza kukaa nao yeye.

Alhamisi, 19 Machi

Sikuwa na kipindi asubuhi. Wifi alikuwa anaosha vyombo kwa mkono mmoja. Nikamwambia kuhusu ufunguo. Akafunga bomba.

"Wifi, sikuteleza."

Nikangoja.

"Hapigi kwa hasira. Angekuwa na hasira ningejua pa kujificha mpaka zipoe. Kwanza anafunga madirisha. Halafu anavua saa, anaiweka mezani, asije akaivunja. Anazungumza polepole kabisa. Anasema, 'Unaona unachonifanya nifanye?'"

"Mdogo wangu?" nikasema.

Akanitazama, kisha akafungua bomba tena. "Ndiyo maana sikukwambia."

Nilitoka nikasimama barazani nikitazama maji yanavyopita mtaroni. Nilitafuta kwenye kumbukumbu yangu hata kofi moja la mdogo wangu. Sikupata. Nikajisemea kwamba wifi anatia chumvi. Naandika hivyo kwa sababu ndivyo nilivyojisemea.

Jumamosi, 28 Machi

Nimemfuata Baridi karakanani kwake. Alikuwa katikati ya majokofu yaliyofunguliwa migongo. Akanipa kiti, akakifuta kwanza.

"Mdogo wangu, unampiga mkeo?"

Hakushtuka. Laiti angeshtuka. Alitabasamu kama mtu aliyeulizwa bei.

"Dada, vikombe vikikaa kabati moja havikosi kugongana."

"Sijauliza vikombe. Nimeuliza kama unampiga."

"Anateleza. Msimu huu nani hatelezi?" Kisha akasema ananawa mikono anisindikize. Akavua saa, akaiweka juu ya meza, polepole, uso wa kioo ukiangalia juu.

Mwili wangu ulirudi nyuma kabla akili haijauambia. Yeye aliona. Akanawa, akaifuta mikono kidole kwa kidole, akavaa saa yake.

"Unaona?" akasema. "Ameshakujaza maneno."

Jumatano, 1 Aprili

Mama amefika. Baridi ndiye aliyemwita. Amevua viatu mlangoni, amesema miguu inamuuma, na kabla hajamaliza chai amemwambia wifi, "Mwanangu, nyumba haijengwi kwa kukimbilia kwa wifi."

Wifi alisema, "Sawa, mama." Sasa nimeanza kuisikia vizuri hiyo sauti yake. Siyo majivuno. Ni mtu anayechagua kila neno asije akachokoza.

Jumapili, 5 Aprili

Mvua kutwa. Mama hajaongea nami.

Jumatatu, 6 Aprili

Mtazamo wa pili: kwamba familia ni mahali pa mamlaka kama palivyo pengine popote. Ukitaka kuijua, usisikilize inachojisifu. Tazama nani anakula kwanza, nani anaombwa ruhusa, nani akiingia wengine wanapunguza sauti. Nimesoma maelezo hayo kwenye karatasi zangu za zamani, na katikati nikashindwa kuendelea. Nikasingizia kikohozi. Mama Swali akaniletea maji.

Nyumbani nimemwambia mume wangu kwamba nataka kwenda polisi. Akaacha kuchekacheka.

"Ugomvi wa wanandoa haufai kuingiliwa. Leo unamshitaki, kesho wamepatana, wewe ndiye adui."

"Na wasipopatana?"

"Kuna wazee. Wape wazee nafasi kwanza."

Nimewapa wazee nafasi.

Jumamosi, 11 Aprili

Kikao kimekaa sebuleni kwangu. Mwenyekiti alikuwa baba mdogo, mdogo wake marehemu baba yetu, ambaye husuluhisha mambo ya ukoo huu tangu baba alipofariki. Alikaa kiti kikubwa. Wifi alikalia mkeka. Hakuna aliyemwambia akae mkekani. Aliingia tu, akatazama viti, akajua.

Baba mdogo alianza kwa kumshukuru kila mmoja kwa kuja licha ya mvua. Akasema ndoa ni shule isiyo na likizo. Kisha akamtaka Baridi aseme. Baridi alisema anampenda mkewe, kazi ni nyingi, labda wakati mwingine maneno yake yamekuwa makali, na kama amemkosea mtu yeyote hapa anaomba radhi. Aliomba radhi vizuri kiasi kwamba Mama alifuta machozi.

"Na wewe, mke wetu?"

Wifi akanyanyua mkono wake wa kushoto. Umepona, lakini haunyooki tena vizuri. "Huu aliuvunja yeye," akasema. "Aliupinda kwenye ukingo wa kitanda."

Nje mvua ilikuwa inapiga mabati kama watu wanaomwaga changarawe.

"Ulimfanya nini mpaka akafikia hapo?" akauliza baba mdogo. Hakuuliza kwa ubaya. Aliuliza kama anayetaka kuipima habari pande zote, na hilo ndilo lililonikera zaidi.

Nikasema, "Baba mdogo, hata kama angeiunguza nyumba nzima, mkono wa mtu hauvunjwi."

"Wewe mwalimu, haya si mambo ya darasani."

"Ni haya haya."

Mama akageuka. "Nyamaza! Unataka watu wamseme mdogo wako njiani? Sisi tuliolewa, tulivumilia, na nyie mkasoma. Ningekimbia mimi, nani angekulipia hiyo shule unayotutambia?"

Sikuelewa alichokisema. Nilidhani anazungumzia kazi ngumu.

Wakaamua: wifi arudi nyumbani kwake, na Mama ahamie huko kwa muda ili "awe macho ya familia." Wifi akasema hatarudi. Alisema kwa heshima, magoti yakiwa pamoja, lakini alisema. Baba mdogo akakusanya fimbo yake na kofia yake. Baridi aliondoka akinitazama mimi, siyo mkewe.

Jumanne, 14 Aprili

Wifi alikwenda kumchukua Kengele shuleni akaambiwa ameshachukuliwa. Na baba yake, na bibi yake. Walimu walifurahi kuwaona.

Alirudi amelowa, mwavuli mkononi haujafunguliwa. Nikampigia Baridi. "Mtoto yuko kwao," akasema. "Mama yake akimtaka, anapajua kwake."

Nikasema twende polisi sasa hivi. Tulikwenda. Askari wa zamu aliuliza kama baba wa mtoto ana amri yoyote ya mahakama inayomkataza. Hana. Basi mtoto yuko na baba yake, mama, kosa liko wapi?

Jumatano, 15 Aprili

Wifi amerudi kwake. Nilimshika begi mlangoni, nikamsihi.

"Wifi, wewe una mtoto?" akaniuliza.

Sina. Anajua kwamba sina.

"Basi niachie begi."

Jumapili, 19 Aprili

Mvua. Simu yake inaita, haipokelewi.

Jumanne, 21 Aprili

Mama kapokea. Kasema wote wazima, acha kusumbua.

Ijumaa, 24 Aprili

Nimepita duka la dawa. Mwenye duka anasema aliambiwa mfanyakazi wake ana homa. Aliyemwambia ni mumewe, "kijana mstaarabu sana, alinitengenezea na jokofu la chanjo."

Jumatatu, 27 Aprili

Naandika nikiwa hospitali, kwenye benchi, kichwa kikiuma. Nataka kuandika kila kitu kabla mtu hajanisaidia kukisahau.

Niliamka leo nikamwambia mume wangu nakwenda kwa Baridi, anipeleke au nitembee. Alinipeleka. Njiani alisema, "Mimi sitaingia. Mimi ni shemeji. Nitakaa garini." Nikamwona mwoga. Sikumwambia, lakini nadhani aliliona usoni.

Baridi alifungua mlango nusu. "Karibu, Dada. Bahati mbaya wifi yako amelala. Ana homa."

"Nitamwangalia hivyo hivyo alivyolala."

"Atashtuka."

Nikapita chini ya mkono wake, kama tulivyokuwa tukicheza utotoni. Madirisha yote yalikuwa yamefungwa. Sebuleni alikaa Mama, amempakata Kengele. Viganja vyake viwili vilikuwa vimefunika masikio ya mtoto, ingawa nyumba nzima ilikuwa kimya. Nikamsalimia. Hakuitika.

Wifi alikuwa sakafuni, kati ya kitanda na ukuta. Jicho moja halikufunguka. Alipumua kifupikifupi, kama mtu anayekunywa kitu cha moto. Nilipomgusa ubavu alitoa sauti ambayo sijaisikia kwa binadamu. Nikamwinua. Hana uzito. Tukatoka, mkono wake shingoni mwangu, hatua kwa hatua, mpaka sebuleni.

Baridi alikuwa amesimama mlangoni. Alikuwa amevua saa.

"Dada," akasema, kwa upole uleule ambao nimeupenda maisha yangu yote. "Ukitoka naye, huna mdogo."

"Sogea."

"Nakuheshimu sana. Usinifanye nikukosee."

"Sogea, baba."

Nilimwita baba, kama nilivyokuwa nikimwita nilipokuwa nambembeleza alale. Akaninyooshea mkono. Hakunipiga, alinisukuma tu, kwa kiganja, kifuani, kama anayefunga mlango wa jokofu. Kichwa changu kikagonga ukuta. Nilipofumbua macho nilikuwa nimekaa chini na wifi ameniangukia.

Ndipo nikasikia buti. Mume wangu aliingia na matope yake yote juu ya zulia. Yeye ambaye hajawahi kumaliza sentensi bila mzaha alisema maneno matatu: "Shemeji, acha mlango."

Wakatazamana. Baridi ana nguvu kuliko yeye, sote tunajua. Lakini nadhani hajawahi kupiga mtu mbele ya mwanamume mwenzake, na hakujua anaanzaje. Akasogea.

"Mama," nikasema, "mlete mtoto."

Mama hakutikisika. Nikarudia. Alinitazama kwa muda, halafu viganja vyake vikateremka, taratibu, kwenye mapaja yake. Kengele akaruka akaja akashika sketi ya mama yake. Mama alibaki amekaa.

Hospitali, daktari alimtazama wifi, akaandika, na bila kuinua kichwa akauliza, "Umeteleza?"

"Hapana," akasema wifi. "Nimepigwa na mume wangu. Andika hivyo."

Jumanne, 28 Aprili

Tumetoa maelezo polisi. Wifi, mimi, na mume wangu. Yeye aliomba aandike mwenyewe. Aliandika kama anavyoandika ripoti ya kiwanja, mlango uko wapi, nani amesimama wapi. Niliisoma nikamwomba radhi kwa kitu ambacho sikukitaja. Akasema, "Najua. Hata mimi nilijiona hivyo."

Baridi amekamatwa karakanani. Wateja walimlilia.

Jumatatu, 4 Mei

Nimerudi darasani na plasta kwenye paji. Leo ni mtazamo wa tatu: kwamba jamii huishi kwa majina inayovipa vitu. Ukikiita kipigo "kurekebisha," ukimwita aliyekimbia "mkaidi," ukiita ukimya "heshima," umeshajenga nusu ya nyumba.

Niliona wanaitazama plasta. Jibu lilikuwa tayari mdomoni, lile lile la msimu huu. Sikulitumia.

"Nimesukumwa na mdogo wangu," nikasema, "nilipokuwa namtoa mkewe aliyepigwa."

Hakuna aliyecheka. Baada ya kipindi wanafunzi watatu wa kike walibaki. Hawakuuliza kuhusu mtihani.

Jumamosi, 9 Mei

Baba mdogo ametuma ujumbe: nisikanyage msiba wala harusi ya ukoo mpaka niondoe kesi. Nimemjibu kwamba kesi si yangu, ni ya serikali. Mume wangu anasema angalau tumeokoa michango.

Jumatano, 20 Mei

Kengele ameanza kuongea tena. Kutwa nzima. Amenichosha, na nimemwacha anichoshe.

Alhamisi, 11 Juni

Mahakamani. Wakili wa Baridi alimleta Mama awe shahidi wa utetezi. Alivaa nguo yake nzuri. Hakunitazama.

Wakili akamuuliza kama aliishi nyumbani kwa mshitakiwa mwezi Aprili. Ndiyo. Kama aliwahi kumwona mwanawe akimpiga mkewe. Hapana, hajawahi kumwona. Wakili akashukuru akakaa.

Mwendesha mashtaka akasimama, dada mmoja mdogo kwa umri, sauti yake ndogo pia.

"Mama, umesema hukuona. Ulisikia?"

Mama akashika ukingo wa kizimba.

"Ulisikia chochote, mama?"

"Nilisikia."

"Ulisikia nini?"

"Nilisikia kila kitu. Nina mikono miwili tu. Niliziba masikio ya mtoto. Ya kwangu yalibaki wazi."

Hakimu akamwuliza kwa nini hakupiga kelele. Mama alifikiri. Alisema, kama anayejibu swali rahisi ambalo hakuna aliyewahi kumwuliza: "Baba yao aliponipiga mimi, hakuna aliyepiga kelele. Nilidhani ndivyo watu wanavyofanya."

Nina miaka arobaini na minne, ni mwalimu wa somo la familia, na nilikuwa nalisikia hilo kwa mara ya kwanza, pamoja na karani na askari wa mlangoni. Nilisoma shule za bweni tangu nikiwa mdogo. Likizo zilikuwa za wali na nguo mpya. Nikamtazama Baridi kizimbani. Alikuwa ameinamisha uso. Yeye hakushangaa.

Ijumaa, 26 Juni

Hukumu imetoka. Kifungo, miaka mitatu. Wifi hakushangilia. Aliuliza tu kama tarehe ya kutoka atajulishwa. Amepata chumba karibu na duka la dawa, mlango wa chuma. Mama amekataa kuja kwangu na amekataa kwenda kwa baba mdogo. Amerudi kwake. Jana alipiga simu, akasikiliza nikisema haloo, akakata. Leo amepiga tena, tumeongea kuhusu mguu wake.

Jumamosi, 4 Julai

Mvua imekatika. Vumbi limerudi barabarani kama halikuwahi kuondoka.

Nimekwenda gerezani. Askari wa mapokezi aliuliza, "Uhusiano wako na mfungwa?"

"Dada yake."

"Yule aliyetoa ushahidi dhidi yake?"

"Huyo huyo."

Alinitazama, akaandika. Nilidhani Baridi atakataa kuonana nami. Alikuja, akakaa upande wa pili wa wavu. Amekonda. Hatukusalimiana.

Baada ya muda akasema, "Ulijua kuhusu baba?"

"Sikujua."

"Wewe ulikuwa bweni. Mimi nilikuwa chumba cha pili." Sauti yake ilikuwa ileile ya upole, lakini mdomo ulikuwa unamcheza. "Kila mara nilijiambia, nikiwa mkubwa nitamzuia. Halafu akafa kabla sijawa mkubwa."

Nilitaka kumshika mkono na wavu haukuruhusu. Nilimlilia yule mtoto wa chumba cha pili, pale pale, bila aibu. Kisha nikafuta uso, kwa sababu kulikuwa na jambo moja lililobaki na hakuna mwingine wa kulisema.

"Na wakati unampiga mama yake," nikamwuliza, "Kengele alikuwa wapi?"

Alitazama mikono yake juu ya meza. Nilingoja, wala sikumsaidia. Askari akatangaza kwamba muda umekwisha, viti vikaburuzwa, watu wakaanza kuagana. Baridi alikuwa ameshasimama aliposema, kwa taabu, kama mtu anayejifunza kutamka:

"Sebuleni, Dada. Alikuwa sebuleni."